Samaki, mwezi na maji yasiyotajwa: jinsi haiku za Kiingereza zinavyokutanisha visivyokutana

Kuna shairi la Kiingereza lenye maneno sita tu. Aliliandika Nick Virgilio, mtu wa Camden, mji wa viwanda katika jimbo la New Jersey nchini Marekani. Nikilitia katika Kiswahili nalo linabaki na maneno sita:

samaki
anadonoa wadudu
juu ya mwezi

Ukisoma mara ya kwanza akili inagoma. Samaki na mwezi wapi na wapi? Mara ya pili unaona: usiku, ziwa limetulia, mwezi umelala juu yake, wadudu wametua penye mwanga, na samaki anapanda kuwadonoa mmoja mmoja. Sasa rudi ulitafute neno “maji”. Halimo. Wala “ziwa”, wala “kivuli”, wala “kama”. Kitu pekee kinachomuunganisha samaki na mwezi ndicho mshairi alichokiacha nje, nawe umekileta mwenyewe bila kujua kwamba umeombwa.

Shairi hilo ni haiku, aina ya shairi fupi lenye asili ya Japani, na haiku inayoandikwa leo kwa Kiingereza inaishi kwa mbinu hiyo: kuweka vitu viwili karibu, vitu ambavyo havina udugu, kisha kunyamaza. Wenye ujuzi wa fasihi watasema ni taswira mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu. Mimi nitasema ni kukutanisha, kwa sababu vitu hivyo vinakutanishwa kama wageni wawili waliokalishwa kiti kimoja cha basi, na mwenye basi kashuka.

Wengi wetu tulipolisikia neno haiku kwa mara ya kwanza tulisikia hesabu: mishororo mitatu, silabi 5, kisha 7, kisha 5, jumla 17. Hata watoto wa shule wa Marekani hufundishwa hivyo, wakihesabu kwa vidole. Hesabu hiyo ni ya kweli kwa Kijapani, ila Kijapani hakihesabu kama Kiingereza. Chukua neno lenyewe, haiku: Mjapani anahesabu tatu, Mwingereza anahesabu mbili. Sisi tuko upande wa Mjapani, ha-i-ku. Silabi zetu ni fupi na karibu zote huishia na irabu, wakati Kiingereza kinaweza kubana konsonanti sita au saba kuizunguka irabu moja na bado ikaitwa silabi moja. Kwa hiyo silabi 17 za Kiingereza ni furushi kubwa kuliko 17 za Kijapani. Washairi walipoling’amua hilo wakaanza kupunguza, na leo haiku nyingi zinazochapishwa katika majarida ya Kiingereza hazifiki 17.

Hesabu nayo ina gharama zake. Haiku mashuhuri kuliko zote ni ya Matsuo Bashō, mshairi wa Japani, ya mwaka 1686, na maneno yake ni mepesi: bwawa la kale, chura anaruka ndani, sauti ya maji. Nikitaka kuwaridhisha wapenda mizani naandika hivi:

bwawa la kale—
chura anajitosa
maji yalia

Tano, saba, tano. Imekaa sawa, na masikio yetu yaliyolelewa na shairi la vina yanafurahi. Lakini angalia nilichokiharibu. Bashō alimaliza kwa jina, “sauti ya maji”, kitu kilichobaki kikielea hewani bila kitenzi. Mimi nimemaliza kwa tukio, tena maji yangu yanalia kama mtoto. Kwa ajili ya kuokoa silabi moja nimeongeza huzuni ambayo haikuwamo. Ndiyo maana siwalaumu Waingereza na Wamarekani walioiacha hesabu.

Kisa cha chura huyo kinafundisha zaidi kuliko mizani yake. Mwanafunzi wa Bashō aitwaye Shikō alisimulia kwamba mwalimu alipata kwanza sehemu ya pili, chura na sauti ya maji, akabaki bila mshororo wa mwanzo. Mwanafunzi mwingine, Kikaku, akapendekeza yamabuki, ua la manjano linaloota kandokando ya vijito. Lilikuwa pendekezo la mtu aliyesoma. Kwa karne nyingi washairi wa Japani walimweka chura pamoja na ua hilo, kama sisi tunavyoweka waridi na mahaba, au chombo na tanga. Tena chura wao alikuwa akiimba. Sauti yake ndiyo iliyosifiwa. Bashō akakataa ua, akachagua bwawa la kale. Chura hakuimba, aliruka tu. Msikilizaji wa wakati ule alitegemea manjano na wimbo, akapewa maji yaliyolala na mchupo. Sisi tunaosoma leo hatuoni ajabu yoyote hapo, kwa sababu shairi lenyewe limekuwa maarufu mno. Mkutano usiotegemewa nao huzeeka.

Baada ya “bwawa la kale” Kijapani kina kijineno, ya, ambacho hakina maana ya kutafsirika. Kazi yake ni kukata. Kinamwambia msomaji: simama hapa, kinachofuata si mwendelezo. Kuna vingine kadhaa vya aina hiyo, kana na keri vikiwa vinavyojulikana zaidi. Kiingereza hakina neno la namna hiyo, basi washairi wake wakatumia walichokuwa nacho: kistari kirefu, nukta tatu, au ukingo wa mshororo peke yake. Ukiona kistari katika haiku ya Kiingereza, usikisome kama pumzi. Kisome kama ukuta wenye tundu.

Aliyewaonyesha wasomaji wa Kiingereza tundu hilo mapema ni Ezra Pound, Mmarekani aliyekuwa akiishi London. Alitoka katika treni ya chini ya ardhi ya Paris, stesheni ya La Concorde, akaona uso mzuri, kisha mwingine, kisha wa mtoto, kisha mwingine tena. Alieleza mwenyewe, katika makala ya mwaka 1914, kwamba aliandika shairi la mishororo 30 akalitupa. Baada ya miezi 6 akaandika lenye nusu ya urefu huo. Baada ya mwaka akabaki na sentensi moja. Ilichapishwa mwaka 1913 katika jarida la Poetry la Chicago:

Mzuka wa nyuso hizi katika umati:
petali juu ya tawi jeusi lililolowa.

(Nimefurahi Kiswahili kuwa na “mzuka”. Ndani yake kuna kuzuka ghafla na kuna jini, na Pound alihitaji vyote viwili.)

Katika makala ileile Pound alitoa mfano wa shairi fupi la Kijapani linalonasibishwa na Moritake: ua lililoanguka larudi tawini, kumbe kipepeo. Hapa ndipo sisi tunaweza kuingia na kitu chetu, kwa kuwa tumeshakula chakula cha aina hii utotoni. Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango. Yai. Ua lililoanguka larudi tawini. Kipepeo. Ni muundo uleule: vitu viwili, kimoja kimefichwa nyuma ya kingine, na starehe iko katika kugundua. Lakini kitendawili kikishateguliwa kimekwisha, na ukishindwa unampa mtegaji mji naye anakupa jibu. Haiku nzuri ya leo haina mji wa kutoa. Mtegaji mwenyewe hana jibu. Amekuletea vitu viwili alivyoviona vikigongana, na hajui zaidi yako vinaambiana nini.

Kwa kipimo hicho shairi la Pound liko katikati ya njia. Ile nuktapacha mwishoni mwa mshororo wa kwanza inafanya kazi ya alama ya “sawasawa na”: nyuso ni petali, tumetegua, tunyanyuke. Katika matoleo ya baadaye ilibadilishwa ikawa nukta mkato. Badiliko dogo, nukta ya chini imepata mkia tu, lakini nyuso zikapata ruhusa ya kubaki nyuso. Sitiari ikalegea ikawa ujirani.

Mwaka 1929 mtengenezaji filamu wa Urusi, Sergei Eisenstein, naye aliangukia hapohapo akitokea upande mwingine. Alikuwa akiandika kuhusu sinema ya Japani, akaona kwamba katika maandishi ya Kijapani picha ya jicho na picha ya maji zikiwekwa pamoja zinasomeka “kulia”. Kisha akazitazama haiku akaziona kama orodha za picha za filamu tayari kwa kukatwa na kuunganishwa. Picha ya kwanza haisemi huzuni, ya pili haisemi huzuni, ukizifuatanisha mtazamaji anatoa leso. Nadhani kwa msomaji wa leo, aliyekulia mbele ya runinga, huu ndio mlango mwepesi zaidi wa kuingilia. Sote tunajua kusoma mkato wa filamu. Mtu anafunga mlango. Picha inayofuata ni bahari. Hakuna anayeuliza nani kahamisha nyumba ufukweni.

Kiingereza kilipata shule yake ya haiku baada ya Vita Kuu ya Pili, na walimu wawili wakubwa walikuwa R. H. Blyth, Mwingereza, na Harold G. Henderson, Mmarekani. (Wote wawili walishiriki kuandaa tamko la Januari 1946 ambalo Mfalme wa Japani alikana uungu. Sijapata kuona kitabu cha ushairi chenye utangulizi mzito kuliko huo.) Blyth alitoa majuzuu manne kati ya 1949 na 1952, na akaifunga haiku kwa kamba ya dini ya Zen. Henderson, katika kitabu chake cha 1958, aliuliza swali la fundi: vitu viwili ndani ya haiku vinafanyianaje kazi? Jibu lake ni kwamba vinalinganishwa ndani kwa ndani, bila neno la kulinganisha. Mfano ni kunguru wa Bashō:

juu ya tawi kavu
kunguru ametua—
jioni ya vuli

Kunguru si jioni, wala jioni si kunguru. Lakini kutua kwa kimoja kunafanana na kutua kwa kingine, weusi mdogo unashuka ndani ya weusi mkubwa, na hakuna aliyetamka “kama”.

Hapo nimekudanganya kidogo, na ni vizuri niungame. Kamusi zetu hutafsiri majira yale ya Japani, majani yanapokauka na kuanguka, kwa neno vuli. Lakini vuli yetu ni mvua. Mtu wa Tanga au Mombasa akisoma “jioni ya vuli” anasikia harufu ya udongo uliolowa na mahindi yanayotaka kupandwa. Tawi kavu pale halina kazi. Na kunguru wa pwani si mpweke wa falsafa, ni mwizi wa samaki tena huja na ukoo mzima. Shairi langu limepata taswira mbili zilezile na mkutano tofauti kabisa. Ndivyo mbinu hii ilivyo nyeti: umbali kati ya vitu viwili haupimwi katika shairi, unapimwa katika kichwa cha msomaji, na kichwa hicho kina hali yake ya hewa.

Umbali ndio jambo lote. Vitu vikikaribiana mno, cha pili kinakuwa maelezo ya cha kwanza. Vikitengana mno, hakuna cheche. Ngoja nionyeshe kwa vitu vya karibu. Mtu ameketi kwenye benchi la hospitali akisubiri majibu. Naanza na mshororo mmoja, kisha natafuta wa kukutana nao.

majibu ya vipimo—
moyo wangu
unakwenda mbio

Hii ni taarifa. Nusu ya pili tayari ilikuwa ndani ya nusu ya kwanza. Msomaji hana la kufanya ila kukubali.

majibu ya vipimo—
twiga watatu
katika theluji

Hii inashtua, lakini mshtuko wake ni wa mtu aliyepiga honi nyuma yako. Ukigeuka hakuna kitu. Majarida ya Kiingereza yana nyingi za namna hii, na huko zina watetezi hodari. Mimi si mmoja wao.

majibu ya vipimo—
muuza maji anahesabu
chenji mara ya pili

Hapa naanza kusikia kitu. Kuhesabu na kuhesabiwa. Fedha ndogo ya mtu mmoja nje ya lango, na jambo kubwa lisilohesabika ndani. Wasiwasi umo, ila umehamia kwenye mikono ya mtu mwingine ambaye hata hajui. Sijasema siku zimebaki ngapi, na wewe ndiye uliyelileta neno “siku”.

Sasa jaribio. Wahakiki wa Kijapani wana namna ya kupima mkutano kama umekaa: wanauliza kama shairi linasogea. Maana yake, je, ukiondoa kitu kimoja ukaweka kingine, kuna hasara? Kisa chake kimeandikwa na Kyorai, mwanafunzi wa Bashō. Mwaka 1690 Bashō alitunga shairi la kusikitikia majira ya machipuko yanayoaga, akiwa pamoja na watu wa jimbo la Ōmi. Mtu mmoja aitwaye Shōhaku akalikosoa: Ōmi ingeweza kuwa Tanba, jimbo jingine, na machipuko yanayoaga yangeweza kuwa mwaka unaokwisha. Yaani, linasogea. Bashō akamuuliza Kyorai wewe wasemaje. Kyorai akajibu kwamba Shōhaku amekosea: Ōmi ndiko liliko ziwa, ukungu juu ya maji yake ndio unaofaa kuaga machipuko, tena jambo lenyewe mwalimu alilishuhudia. Kama ungekuwa Ōmi mwisho wa mwaka, sikitiko hilo lingetoka wapi? Na kama ungekuwa Tanba wakati wa machipuko, nalo lisingekuja. Bashō akaongeza kwamba wakale nao waliyapenda machipuko ya nchi ile si haba kuliko ya mji mkuu, akafurahi, akamwambia Kyorai kwamba yeye ni mtu wa kuzungumza naye ushairi.

Nikilirudia shairi langu kwa kipimo hicho, linasogea. Muuza maji angeweza kuwa muuza karanga na dunia isingepinduka. Labda maji yana faida kidogo, mtu mwenye hofu hukaukwa koo, lakini hilo nimelifikiria baadaye, na sababu zinazokuja baadaye zina harufu ya utetezi. Kisichosogea ni “mara ya pili”. Liondoe, kilichobaki ni biashara.

Jaribio hili linaumbua haiku nyingi za Kiingereza za leo, hasa zile zilizogeuza mbinu kuwa mashine. Mshororo wa kwanza: majira. Upepo wa majani kuanguka, mvua ya machipuko, mwezi wa baridi. Kistari. Mishororo miwili: jambo lolote la nyumbani, soksi za marehemu, barua ya benki, paka. Kwa kuwa majira yana huzuni yake ya kuazima, chochote utakachoweka chini yake kitaonekana kina kina. Badilisha upepo uweke mwezi, badilisha mwezi uweke theluji, hakuna kinachopungua. Mwanzoni mbinu ilikuwa kumnyima msomaji alichokitegemea, kama Bashō alivyowanyima ua la manjano. Sasa msomaji anategemea kutotegemea, na anapewa.

Kosa lingine lilitoka kwa walimu wenyewe. Wafuasi wa Blyth walishikilia kwamba haiku lazima itokane na jambo ulilolishuhudia, dakika ileile, kwa macho yako. Mshairi akawa shahidi mahakamani. Mwaka 2000 Haruo Shirane, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, akaandika makala iliyoitikisa imani hiyo, na mfano wake mmoja ni wa Buson, mshairi na mchoraji wa karne ya 18:

baridi ya kupenya—
chumbani nimekanyaga kitana
cha marehemu mke wangu

Unasoma, kisigino kinasisimka. Kitana kidogo, meno yake, giza, na baridi ambayo sasa hujui inatoka sakafuni au kwingine. Lakini Buson alipoliandika, mkewe alikuwa hai, na alikuja kuishi miaka mingi baada ya yeye Buson kufa. Hakukanyaga chochote. Alivikutanisha vitu hivyo mezani, kama mwandishi wa riwaya. Waliosoma hadithi hiyo waligawanyika. Wako walioona wametapeliwa. Mimi naona shairi halikupoteza hata jino moja la kitana.

Baada ya hapo milango ilifunguka. Mwaka 2004 Richard Gilbert, Mmarekani aliyekuwa akifundisha Kumamoto, Japani, alieleza katika makala ndefu kwamba kukutanisha taswira mbili ni njia moja tu kati ya nyingi za kumkatisha msomaji. Mkato unaweza kuwa ndani ya sarufi, ndani ya neno, hata katika mantiki yenyewe. Mifano ilikuwako tangu zamani. Marlene Mountain, aliyeishi Tennessee, aliandika haiku ya mstari mmoja usio na alama yoyote: nguruwe na mimi mvua ya machipuko. Basi. Hakuna kistari, hakuna mshororo wa pili, na huwezi kusema vitu vinavyokutana ni viwili au vitatu. Kwa Kiingereza neno la majira hayo lina maana pia ya kuruka, kwa hiyo kwa nukta ya sekunde nguruwe na mwanamke wanaruka pamoja kabla mvua haijawafikia. Kiswahili kinaupoteza mchezo huo wote.

Lakini Kiswahili kina michezo yake, na ndiyo iliyonifanya niandike haya. Haiku za Kiingereza hazikubaki za Wamarekani. Mwaka 2016 waandishi wa Afrika Magharibi, Adjei Agyei-Baah wa Ghana akiwa mmojawao, walianzisha jarida la haiku za Kiafrika, wakaingiza harmattan, upepo mkavu wenye vumbi wa huko kwao, mahali pa theluji. Jarida linaitwa The Mamba. Kwa Kiingereza huyo ni nyoka. Mimi kila nikiliona jina hilo namwona mamba wa mtoni, mdomo wazi. Herufi tano, wanyama wawili.

Kizuizi chetu cha kwanza ni ile -ka- ya masimulizi. Akaja, akakaa, akanywa: lugha yenyewe inatusukuma kufuatanisha, na ukishafuatanisha una hadithi, huna mkato. Cha pili ni upatanisho wa ngeli. Mwingereza anaacha neno likielea, hujui la nani. Sisi kila kitenzi kinabeba kitambulisho cha mwenyewe. Ila vitambulisho hivyo vinafanana mara nyingi. Mvua na simu ziko ngeli moja, na kuna kitenzi kimoja tunachokitumia kwa zote mbili kila siku. Ukikiweka katikati, kinageuka bawaba: kinafunguka kwenda juu, kinafunguka kwenda chini.

mvua kubwa—
imekatika
simu ya mama

Nilimsomea dada yangu. Hakuuliza habari ya mvua. Aliuliza, “Alipiga tena?”